SIMU YA MNYONGE NI DAFTARI LAKE

Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo lilisemwa kwa ajili ya wafanyabiashara, lakini leo twapenda kulisema kwa ajili ya wafanyakazi na wachimbaji wadogo wa Shinyanga na Geita, maana wao ni watu wenye mali nyingi chini ya miguu yao na daftari haba mikononi mwao. Twapenda kusema pia juu ya daftari jipya ambalo karibu kila mmoja wao analo mfukoni bila ya kutambua kwamba ni daftari, nalo ni simu ya mkononi.

Tuanze na duara lenyewe. Nyarugusu na Mgusu upande wa Geita, Mwakitolyo upande wa Shinyanga, na popote palipotokea rashi, mapatano ya kazi mara nyingi hufanywa kwa mdomo. Mwenye leseni hukubaliana na mwenye duara. Mwenye duara hukubaliana na mfadhili anayetoa chakula, magogo na mafuta ya pampu. Na wote hao hukubaliana na vijana wanaoshuka chini. Mara nyingi malipo ya vijana hao si mshahara bali ni mgawo wa mifuko ya mawe. Mawe yakiwa hayana kitu, hapana ugomvi. Yakionyesha dhahabu, ndipo kila mtu anapoyakumbuka mapatano kwa namna yake, na mwenye nguvu huyakumbuka vizuri zaidi kuliko mnyonge.

Zamani mnyonge huyo alikwenda barazani na kiapo chake tu, pamoja na wenzake wawili au watatu ikiwa hawajahamia rashi nyingine. Leo mambo yamebadilika. Mfadhili ameandika idadi ya mifuko katika ujumbe wa simu. Mwenye duara ametuma fedha za kwanza kwa simu, na muamala umebaki. Msimamizi ametaja majina ya watu wa zamu katika kundi la WhatsApp. Kijana mwenyewe amepiga picha ya mifuko kabla haijapelekwa kwenye karasha. Vyote hivyo ni ushahidi, na mahakama za nchi hii zaweza kuupokea. Lakini ushahidi huo ukikusanywa ovyo, mnyonge hudhulumiwa mara mbili: kwanza hunyang'anywa jasho lake, kisha hunyang'anywa njia ya kulidai. Kwa sababu hiyo twasema ya kuwa jinsi ya kuichukua, kuitunza na kuileta simu mahakamani si jambo la mawakili peke yao. Ni jambo la kila mfanyakazi.

Historia ya mikoa hii inatufundisha thamani ya ushahidi uliotunzwa. Mwaka 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa katika eneo la Bulyanhulu, Kahama, ili kupisha mgodi wa kampuni. Wakatokea watu waliodai kwamba wako wachimbaji waliofukiwa mashimoni wakiwa hai. Serikali na kampuni wakakana. Madai hayo yaliinuliwa tena mwaka 2001 na wanasheria wa mazingira wa LEAT, na mwaka 2002 ofisi ya malalamiko ya Kundi la Benki ya Dunia ikayachunguza. Hatuandiki leo ili kuamua nani alisema kweli. Twataka msomaji aone jambo moja tu, kwamba sehemu ya ubishi ule ilikuwa juu ya mkanda wa video na picha. Katika mambo ya namna hiyo maswali ni yale yale daima: zilipigwa na nani, wapi, siku gani, na zilipita mikononi mwa nani? Mambo mazito ya uhai wa watu yakabaki kuwa ubishi miaka na miaka, kwa kuwa siku ile yalipotokea hapakuwa na kumbukumbu ambayo pande zote zingelazimika kuikubali.

Sasa na tutazame Mwadui, kwenye mgodi wa almasi wa Williamson. Mwezi Mei 2021 kampuni ya Petra Diamonds ilikubali kulipa paundi za Kiingereza milioni 4.3 ili kumaliza madai yaliyopelekwa mbele ya mahakama ya Uingereza na wananchi wa pale. Madai hayo yalihusu vipigo, majeraha na vifo vilivyotokana na shughuli za ulinzi wa mgodi. Kampuni ililipa bila ya kukiri kwamba ina hatia kisheria. Mkulima au mchimbaji wa Kishapu ambaye hajapata kuvuka bahari alisikilizwa mbali na kwao. Na mahakama za huko zina kanuni ambayo ingefaa ijulikane na kila mtu hapa: tangu mwaka 2010 kanuni za Uingereza juu ya nyaraka za elektroniki zimetamka wazi kwamba ujumbe wa simu ni hati kama hati nyingine, na kwamba mara shauri linapotazamiwa, wakili hana budi kumwambia mteja wake asifute kitu. Amri hiyo huihusu kampuni kubwa, na humhusu mchimbaji vilevile. Mdai aliyefuta ujumbe wake kwa kuona aibu, au aliyeuza simu yake ili anunue mahindi, anaweza kuulizwa siku ya shauri: kwa nini ulifuta, na ulikuwa unaficha nini?

Jambo la tatu ni la kusikitisha zaidi, nalo ni la ajali. Mwezi Oktoba 2015 duara liliporomoka Nyangalata, Kahama, na watu watano wakatolewa wakiwa hai baada ya siku 41, wakati jamaa zao walikuwa wamekwisha kukata tamaa. Mwezi Agosti 2025 watu 25 walifukiwa katika mgodi wa Nyandolwa, mkoani Shinyanga. Kila inapotokea ajali ya namna hii swali la kwanza ni moja: nani walikuwa chini? Na baada ya maziko huja swali la pili: marehemu alikuwa mfanyakazi wa nani? Mjane anayedai fidia hawezi kulijibu swali hilo kwa machozi. Lakini ikiwa msimamizi alituma majina ya zamu kwa simu alfajiri ile, au ikiwa mwenye duara alimtumia marehemu posho wiki iliyopita, basi jibu limo ndani ya simu. Na simu ya marehemu mara nyingi imefukiwa pamoja naye, au iko mikononi mwa mtu asiyependa isomwe. Ndiyo maana twasema orodha ya zamu isiwe katika simu moja, bali ifike pia kwa mtu aliye nyumbani.

Wako watu watakaosema kwamba haya ni maneno ya kizungu na kwamba mahakama zetu hutaka karatasi yenye sahihi na mhuri. Hilo lilikuwa kweli zamani, lakini si kweli tena. Sheria yetu ya Ushahidi ilitungwa mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, ikachukua mahali pa sheria ya Wahindi ya mwaka 1872 ambayo wakoloni walituletea. Mwaka 1967 hakuna aliyeota juu ya simu ya mfukoni, na kwa hiyo sheria hiyo ilizungumza juu ya hati halisi na nakala zake. Katika Shauri la Biashara Na. 4 la mwaka 2000, lililoihusu Trust Bank, Jaji Nsekela alikubali kumbukumbu za benki zilizotunzwa katika kompyuta, na akaonyesha kwamba ilifaa Bunge lenyewe litunge sheria juu ya jambo hilo. Mwaka 2007 Bunge likairekebisha Sheria ya Ushahidi ili ushahidi wa elektroniki upokelewe katika kesi za jinai. Mwaka 2015 ikaja Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, ikasema kwamba katika shauri lolote ushahidi usikataliwe kwa sababu tu ni wa kielektroniki.

Hata hivyo kupokelewa si kuaminiwa, na hapa ndipo watu wengi wanapojikwaa. Sheria hiyo ya mwaka 2015 yamtaka hakimu apime mambo kadhaa kabla ya kuupa ujumbe uzito: uliundwa, ukahifadhiwa na kupelekwa kwa njia ya kutegemewa? Umetunzwa bila kuguswa? Aliyeutuma ametambuliwaje? Majirani zetu wa Kenya huenda mbali zaidi, maana sheria yao hutaka cheti cha maandishi kutoka kwa mtu aliyehusika na chombo kilichotoa ushahidi, na mashauri yameanguka huko kwa kukosa cheti hicho. Basi anayefika mbele ya hakimu akiinua simu yake juu na kusema "Mheshimiwa, soma mwenyewe," ajue kwamba safari yake ndiyo kwanza inaanza.

Ni vizuri kila mtu ajue simu ina nini na haina nini. Ushahidi wa simu hukaa mahali patatu. Kwanza, ndani ya simu yenyewe: ujumbe, picha, sauti, majina, na mambo mengine ambayo mwenyewe hayaoni, kama saa na mahali picha ilipopigwa. Pili, katika kampuni ya simu: nani alimpigia nani, saa ngapi, kwa muda gani, kupitia mnara upi, na fedha zipi zilitumwa. Maneno waliyosemezana hayamo katika kumbukumbu hizo. Tatu, katika simu ya mtu wa pili aliyepokea ujumbe. Mahali hapa pa tatu husahauliwa, na pengine ndipo panapookoa shauri, kwa sababu aliyefuta upande wake hajafuta upande wa mwenzake. Tangu mwaka 2016 ujumbe wa WhatsApp hufungwa kwa namna ambayo kampuni yenyewe haiwezi kuusoma. Kwa hiyo asitokee mtu wa kudhani kwamba akipoteza simu, mahakama itayaomba maneno yake kutoka Marekani na kuyapata.

Yatupasa pia tuseme mipaka ya ushahidi huu, maana ushahidi unaoaminiwa kupita kiasi humfunga asiye na kosa. Mnara wa simu huhudumia eneo kubwa, hasa mashambani. Mnara waweza kusema kwamba simu ilikuwa upande wa Kakola. Hauwezi kusema kwamba mwenyewe alikuwa ndani ya duara na si katika mgahawa wa jirani. Wala namba si mtu. Tangu tarehe 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa, na hiyo ilikuwa hatua njema. Lakini twajua sote kwamba vijana wengi machimboni hutumia laini ya kaka au ya mke, na simu moja huazimwa na watu wanne. Mwendesha mashtaka anayesema "namba ni yake, basi ni yeye" hajamaliza kazi yake. Hana budi kuonyesha nani alikuwa ameishika simu ile saa ile.

Kuna pia picha ya skrini, ambayo watu wengi huitegemea. Picha hiyo ni nakala ya sura ya ujumbe tu, wala si ujumbe wenyewe. Siku hizi mtoto wa shule aweza kutengeneza mazungumzo ya uongo yenye jina na saa, na mashine zaweza hata kuiga sauti ya mtu. Kadhalika picha iliyopitishwa katika WhatsApp hupunguzwa ukubwa na huvuliwa zile habari zilizofichika za saa na mahali. Anayetaka picha yake isimame mahakamani aitunze ile ya kwanza, katika simu iliyoipiga. Picha ya skrini ni nzuri kwa kumbukumbu na kwa kumwonyesha wakili. Isifanywe badala ya simu.

Sasa tuje kwa wale wanaochukua simu za watu, na kwanza ni Polisi. Katika Rufaa ya Jinai Na. 110 ya mwaka 2007 Mahakama ya Rufani iliweka kanuni ambayo yapaswa kubandikwa ukutani katika kila kituo: kielelezo kiwe na maandishi yanayoonyesha kwa mfuatano kilikamatwaje, kikatunzwa na nani, kikakabidhiwa kwa nani, kikachunguzwa na nani, hata kufika mahakamani. Mahakama imepata kusema baadaye kwamba kanuni hiyo yaweza kulegezwa kwa vitu visivyobadilika kwa urahisi. Lakini ni kitu gani kinachobadilika upesi kuliko simu? Pikipiki ikilala kituoni usiku mmoja, asubuhi ni pikipiki ile ile. Simu iliyoachwa ikiwaka juu ya meza hupokea ujumbe mpya, hufuta wa zamani, na mwenye nia mbaya aliye mbali aweza kuisafisha yote. Askari anayeifungua na kuanza kupekuapekua kwa kidole, hata ikiwa nia yake ni njema, anaugusa ushahidi na kumpa wakili wa mshtakiwa silaha.

Njia iliyo sawa inajulikana, wala si ya siri. Simu hukamatwa mbele ya mwenyewe na shahidi huru. Huandikwa aina yake, hali yake, na ile namba ya utambulisho ya tarakimu 15 ambayo kila simu halali huwa nayo. Mwenyewe hupewa stakabadhi yenye sahihi. Simu hutengwa na mtandao, kwa kufungwa mawasiliano yake au kutiwa katika mfuko unaozuia mawimbi, kisha hutiwa lakiri. Mtaalamu hunakili yote yaliyomo bila ya kuyabadili, naye hufanya uchunguzi juu ya nakala, si juu ya simu. Nakala hiyo hupewa alama ya hesabu, yaani tarakimu na herufi zinazopatikana kwa kukokotoa yote yaliyomo. Ikibadilishwa hata herufi moja, alama nayo hubadilika, na udanganyifu hujulikana. Kazi hii yataka vyombo na mafunzo. Twaiomba Serikali ihakikishe kwamba mikoa ya Shinyanga na Geita, ambayo hutoa dhahabu nyingi ya taifa hili, inao askari waliofundishwa kazi hii na vyombo vyake, ili simu ya mchimbaji wa Bukombe au Msalala isikae kabatini miezi ikisubiri safari.

Lakini hatutaki mtu yeyote afikiri kwamba tunawapa ruhusa wenye mamlaka kunyang'anya simu barabarani. Ibara ya 16 ya Katiba humhakikishia kila mtu heshima na hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi na mawasiliano yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ilimpa mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kuamuru upekuzi na ukamataji wa vyombo vya kompyuta akiwa na sababu za msingi, pasipo kwanza kwenda kwa hakimu. Uwezo mkubwa namna hiyo yafaa utumiwe kwa uangalifu mkubwa, na kwa maoni yetu ingekuwa bora zaidi, pale ambapo hapana haraka, hakimu aulizwe kwanza. Nchini Marekani Mahakama Kuu ya nchi ile iliamua mwaka 2014 kwamba askari asifungue simu ya mtu aliyemkamata bila ya hati ya mahakama, kwa sababu simu hubeba maisha yote ya mtu, si kitu kimoja cha mfukoni. Hatuna haja ya kuiga kila kitu cha Marekani, lakini hoja hiyo inatosha kumfanya mtu mwenye akili afikiri. Ndani ya simu ya mchimbaji mna ujumbe wa mke wake, dawa anazokunywa, deni lake na sala yake. Kesi ya mifuko kumi ya mawe haihitaji hayo yote.

Maneno hayo twayasema na kwa waajiri. Makampuni yenye mageti na walinzi yana haki ya kukataza simu mahali pa hatari, kama penye baruti. Hayana haki ya kuishika simu ya mfanyakazi getini na kumlazimisha aifungue ili wamsome. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2023, imeweka masharti juu ya kila anayekusanya habari za watu, na Tume yake ipo kwa ajili ya kusikiliza malalamiko. Na mwajiri anayeamuru ujumbe ufutwe baada ya ajali ajue kwamba kuharibu makusudi habari zinazotakiwa kwa uchunguzi ni kosa la jinai chini ya sheria ile ile ya mwaka 2015 ambayo wengine hudhani ilitungwa kwa ajili ya vijana wa mitandaoni tu.

Kuna kifungu kingine ambacho wafanyakazi wengi hawakijui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humtaka mwajiri aandike masharti ya kazi. Asipoweza kuyaonyesha maandishi hayo shaurini, ni juu yake yeye kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa, wala si juu ya mfanyakazi. Mfanyakazi mwenye ujumbe wa simu unaotaja zamu na malipo anaingia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi akiwa na miguu miwili. Lakini asikawie. Anayedai kwamba ameachishwa kazi isivyo haki ana siku 30 za kupeleka malalamiko yake, na madai mengine yana siku 60. Siku hizo zimewapotea wengi waliokuwa na ushahidi mzuri mfukoni huku wakisubiri bosi atulie.

Basi mfanyakazi na mchimbaji afanye nini? Andika mapatano katika ujumbe siku ile ile yalipofanywa, hata kama yalifanywa kwa mdomo: "Mzee, kama tulivyosema leo, mgawo wetu ni mifuko kadha." Akijibu "sawa," umekwisha kupata mkataba. Pokea malipo kwa namba yako mwenyewe, na weka kumbukumbu za miamala. Ugomvi ukianza, usifute kitu, hata maneno yanayokuaibisha, maana mazungumzo yaliyokatwa vipande hayaaminiwi. Hifadhi nakala mahali pengine, na itunze simu iliyopokea ujumbe hata kama kioo chake kimevunjika. Waombe wenzako watunze za kwao. Usiutangaze ushahidi wako mitandaoni ili upate kusifiwa, maana utamwamsha adui na pengine utajitia mwenyewe hatiani. Upeleke kwa wakili, kwa msaidizi wa kisheria anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, au kwa chama chako cha wafanyakazi.

Na vyama hivyo navyo visilale. TAMICO na NUMET kwa wafanyakazi wa migodi, na vyama vya wachimbaji wadogo vilivyo chini ya FEMATA, vina wajibu wa kufundisha mambo haya mashimoni, si katika hoteli za mjini. Somo la saa mbili pale Nyarugusu, likitolewa na mtu anayesema Kiswahili chepesi na kukijua Kisukuma, lina faida kuliko kijitabu kizuri kilichobaki ofisini. Tangu mwaka 2021 sheria imekwisha kutamka kwamba lugha ya mahakama zetu ni Kiswahili. Lakini ujumbe mwingi wa machimboni umeandikwa kwa Kisukuma, na neno moja likifasiriwa vibaya hugeuza utani kuwa tishio. Mahakama zihakikishe kwamba mfasiri wa ujumbe huo ni mtu anayeijua lugha ya duara, si lugha ya nyumbani tu.

Wako watakaotujibu kwamba wingi wa masharti haya utawasaidia wezi na wauaji kuponyoka. Twajibu kwamba ni kinyume. Mikoa hii imeumizwa na mauaji ya vikongwe na ya ndugu zetu wenye ualbino, na hapana anayetamani wauaji waachiwe. Mwaka 2009, Kahama, Mahakama Kuu iliwatia hatiani watu watatu kwa mauaji ya mtoto mwenye ualbino, na wananchi wakaona kwamba sheria yaweza kufika hadi vijijini. Kesi za namna hiyo zinapohitaji ushahidi wa simu juu ya nani aliagiza, nani alilipwa na nani alipokea, ushahidi huo ukichafuliwa siku ya kwanza kituoni, mwuaji ndiye anayenufaika. Askari anayefuata utaratibu humfunga mhalifu kwa minyororo isiyokatika katika rufaa. Anayeruka utaratibu humfungulia mlango.

Dhahabu ya Geita ilipopata soko lake rasmi mwezi Machi 2019, tulifurahi kwa sababu mizani iliwekwa hadharani na kila gramu ikaandikwa. Twadai mizani ya namna hiyo kwa ushahidi. Ikiwa nchi hii yaweza kuipima na kuiandika dhahabu tangu mwaloni hadi sokoni, haishindwi kuiandika simu ya mchimbaji tangu mkononi mwake hadi mbele ya hakimu. Polisi watoe stakabadhi. Waajiri waache kufuta. Vyama vifundishe. Na wewe ndugu mfanyakazi, kabla hujaiuza simu yako ya zamani kwa shilingi elfu ishirini, itazame mara nyingine: huenda ndani yake mna jasho lako la mwaka mzima.